Hasi Iliyogeuzwa Sifuri

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza kazi kwenye kituo cha bwawa. Nimepewa meza iliyoegemea ukuta wenye ukungu, kompyuta inayonguruma kama mashine ya kusaga, na kiti ambacho mguu wake mmoja una mawazo yake. Mkuu wa kituo amenitembeza mwenyewe: chumba cha vipimo, chumba cha betri, ngazi za chuma za kushukia kwenye malango. Anaongea polepole, kama mtu anayeogopa kunukuliwa.

Kazi yangu ni kuhuisha jedwali la maji kabla mvua hazijakolea. Mvua kubwa ikinyesha milimani, jedwali humwambia mlinda lango: saa ya kwanza yatafika maji kiasi hiki, saa ya pili kiasi hiki, saa ya tatu kiasi hiki. Kwa hiyo fungua lango moja, fungua mawili, au subiri. Aliyelitengeneza ni Mwalimu wangu wa hisabati wa chuoni, na ndiye aliyeniombea nafasi hii. Nimempigia kumshukuru. Akacheka: "Jedwali lile nimelifanya mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho. Utaliona, halina hata vumbi."

Karani aliponiuliza ninaishi wapi nikamtajia mtaa, akamtazama Mkuu. Mkuu akatazama dirishani.

Jumanne, 4 Machi

Joto. Mawingu yanakuja, yanatutazama, yanaondoka.

Alhamisi, 6 Machi

Ninaishi kwa dada yangu, chumba cha uani. Mume wake, shemeji yangu, alikuwa mlinda lango kwenye kituo hiki hiki. Mvua za mwaka jana, akiwa zamu peke yake, maji yalimzidi akafungua malango yote kwa mkupuo. Chini, kwenye kona ya mto, dobi mmoja alikuwa akisuuza mashuka. Walimpata siku ya tatu.

Tume ya uchunguzi ilipokuja, shemeji alieleza kwamba maji yalianza kupanda mapema, saa ya pili tangu mvua inyeshe milimani. Alidhani ni takataka zimekwama kwenye kipimo, kwa sababu jedwali lilisema saa ya pili hakuna kitu, sifuri. Akashuka kukisafisha. Aliporudi juu, ziwa la bwawa lilikuwa limefika ukingoni. Tume ikamjibu kwamba maji hayawezi kufika kabla ya saa ya tatu, hesabu imefanywa na kompyuta. Basi kama uliyakuta juu kiasi hicho, ilikuwa imeshafika saa ya tatu na ushei, na saa nzima hapo katikati umeipoteza kwa usingizi. Umeme ulikuwa umekatika, saa ya ukutani imesimama, mashine ya kurekodi imezimika. Hakuwa na la kuonyesha.

Siku hizi mtaani wanamwita Bwana Usingizi. Anaziba pancha za baiskeli pale kibarazani. Watoto wakimletea tairi husema, "Shikamoo, Bwana Usingizi," bila ubaya wowote, wakidhani ndilo jina lake. Naye huitikia marahaba.

Kila Jumamosi huenda kwa mjane wa dobi: kumchotea maji, kumpasulia kuni, kumrekebishia kamba za kuanikia. Hatumwulizi akirudi.

Jumapili, 9 Machi

Matone ya kwanza. Dada amekimbilia nguo, mimi nimekimbilia viatu.

Jumanne, 11 Machi

Nimelifungua jedwali na kuona lilivyopikwa. Kwanza kuna mchoro wa mtiririko: maji yanavyozidi na kupungua kadiri saa zinavyopita, umeandikwa kwa fomula ndefu. Ili kupata ujazo, unajumlisha vipande vidogo vidogo vya mtiririko huo, ndiyo intigro. Mwalimu hakujumlisha kwa mkono. Aliipa programu ya aljebra ile fomula, nayo ikamrudishia jibu kamili, la herufi, bila kukadiria chochote. Nimelikagua jibu hilo neno kwa neno. Ni sahihi. Nimeona fahari ya kijinga, kana kwamba limeandikwa na baba yangu.

Jumatano, 12 Machi

Nilitaka tu kuona namba zinavyotoka, nikaendesha hatua moja moja. Saa ya tatu: sawa na jedwali. Saa ya nne: sawa. Saa ya pili: hasi laki moja na elfu ishirini.

Mita za ujazo za maji, hasi. Kwamba katika saa mbili za mafuriko mto umelinywa ziwa.

Nikajua nimekosea. Nikaingiza upya, ikawa vile vile. Nikatazama jedwali: pale pale pameandikwa sifuri. Nikarudi kwenye programu kutafuta hiyo sifuri imetoka wapi. Mstari wa mwisho kabisa, mfupi: *jibu likiwa chini ya sifuri, andika sifuri.*

Nimeutazama mstari ule mpaka Mkuu akaniuliza kama nimepatwa na homa.

Alhamisi, 13 Machi

Sikulala vizuri, ila naelewa.

Jibu la programu, lile la herufi, lina vipande karibu ishirini. Baadhi ni namba kubwa mno, tarakimu kumi na tano na zaidi, nyingine za kujumlisha na nyingine za kutoa. Zinakaribia kufutana kabisa, na kile kidogo kinachobaki ndicho maji. Kwenye karatasi hakuna tatizo. Lakini ili kupata namba, Mwalimu aliiambia programu ibebe tarakimu kumi tu. Kila hatua inakata mkia. Na maji ya saa ya pili yamo kwenye mikia. Namba mbili kubwa zikitolewa, vichwa vinafutana, na kinachobaki mkononi si maji tena, ni takataka za kukadiria. Safari hii zimetoka hasi. Zingeweza kutoka chanya na nisingeshtuka kamwe.

Nimeiambia programu ibebe tarakimu thelathini. Fomula ile ile, vipimo vile vile.

Elfu sabini na sita.

Nikarudia kwa njia nyingine, bila fomula kabisa, kwa kukata muda vipande vyembamba na kuvijumlisha kimoja kimoja. Elfu sabini na sita.

Maji yalikuwepo saa ya pili.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua mchana kutwa. Shemeji ameziba pancha nne, amekula. Nimemtazama mpaka akauliza, "Shemeji, nina masizi usoni?"

Jumamosi, 15 Machi

Yeye alipokwenda kwa mjane, nikamwambia dada. Tulikuwa tunapepeta mchele. Hakuielewa hesabu, nikamwambia hivi: chukua shuka moja, unataka kujua uzito wake. Badala ya kulipima lenyewe, unalitupa juu ya lori la mchanga, unapima lori. Unaliondoa, unapima lori tena. Mzani wa malori hausikii shuka. Leo utakwambia shuka halina uzito, kesho utakwambia lori limekuwa zito zaidi ulipoliondoa.

"Na waliona hilo la lori kuwa zito zaidi?"

"Walilifuta. Wakaandika sifuri."

Akaendelea kupepeta muda mrefu, punje zikimwagika pembeni, yeye ambaye hapotezi punje.

"Ina maana hakulala," akasema.

"Nadhani hakulala, dada."

"Mimi nilimsamehe." Akaweka ungo chini. "Unajua nilivyojisikia siku ile? Nilimwambia, mume wangu, kila mtu husinzia, mimi nimekusamehe. Akalia. Nilidhani analia kwa shukrani."

Kisha akanishika mkono, kwa nguvu. "Usimwambie bado. Mpaka wakubwa wakubali. Ukimpa matumaini halafu wakamnyang'anya, huyu mtu hatamudu."

Nimeahidi. Sijui kama nimefanya vizuri.

Jumatatu, 17 Machi

Nimempigia Mwalimu.

"Saa ya pili inanitolea hasi, Mwalimu."

"Umekosea kuingiza vipimo."

"Ni vipimo vyako."

"Binti yangu, ile si kikokotoo cha dukani. Ile programu inatoa jibu kamili."

"Jibu ni kamili, nimelikagua. Namba ndizo zinazoharibika tunapoingiza. Ongeza tarakimu uone."

Nilisikia kijiko kikizunguka kwenye kikombe chake, kikazunguka, kikasimama.

"Niachie siku chache," akasema. Hakuaga.

Jumanne, 18 Machi

Mvua.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Mwalimu kimya.

Ijumaa, 21 Machi

Nimempelekea Mkuu. Nilimwonyesha skrini mbili kwa pamoja, tarakimu kumi upande huu, thelathini upande ule. Alitazama kwa muda, si mjinga. Kisha akafunga mlango.

"Jedwali hili limepitishwa na tume."

"Tume ilipitisha sifuri isiyo sifuri, Mkuu."

"Mwaka kesho nastaafu."

Nikadhani ataendelea. Kumbe sentensi ilikuwa imeisha.

Nikatoka na hasira iliyonipeleka mpaka nyumbani kwa miguu, kwenye mvua. Mwoga. Mtu mzima wa mvi, anajikinga na namba kwa mlango.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua ya wastani milimani asubuhi. Nilishuka mwenyewe kwenye kipimo, mwavuli mkononi. Kabla ya saa ya pili kuisha, maji yalipanda kama upana wa kiganja. Jedwali: sifuri. Mlinda lango wa zamu, kijana mcheshi, alisema, "Hizo takataka tu, dada. Zinakwama kila siku." Nikamwuliza amejuaje. "Si jedwali linasema hakuna maji?"

Alichukua fimbo akataka kushuka kukisafisha. Nikamshika shati.

Jumanne, 25 Machi

Mwalimu amepiga. Sauti imekauka.

"Nimejaribu tarakimu ishirini, thelathini, hamsini. Upo sahihi."

Nilitaka kufurahi. Yeye ndiye aliyenifundisha kutoridhika na jibu kabla ya kulijaribu kwa njia ya pili.

"Fomula niliikagua mara nyingi," akasema. "Sikuzikagua namba. Andika kwamba programu ina kasoro."

"Programu ilifanya ulichoiambia, Mwalimu. Tarakimu kumi."

"Watu watasoma jina langu, si tarakimu."

Nikamwuliza lililokuwa linanikera tangu siku ile. "Ule mstari wa mwisho. Wa kugeuza hasi kuwa sifuri. Uliuweka kwa nini?"



"Mchoro ulikuwa unashuka chini ya mstari wa sifuri," akasema. "Ulikuwa unaonekana vibaya. Nilikuwa na wasilisho siku inayofuata."

Jumatano, 26 Machi

Sijaenda kazini. Nimemwambia dada tumbo linaniuma. Nimelala nikitazama dari na kusikiliza mvua kwenye bati. Nilidhani Mwalimu hakuona. Kutokuona kuna udhuru wake. Namba ni nyingi. Lakini aliona. Hasi ilimpigia kelele usoni, naye akaifunga mdomo ili mchoro upendeze. Na mimi, darasani, nilikuwa nakaa mstari wa mbele.

Ijumaa, 28 Machi

Nimeandika taarifa, kurasa tatu. Nimesema yote, pamoja na ule mstari. Nimeipeleka kwa Mkuu, nakala kwa tume. Mkuu aliipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto mchanga wa watu wengine.

Jumanne, 1 Aprili

Hakuna jibu. Ziwa linapanda. Kuta za ofisi zinatoa jasho.

Ijumaa, 4 Aprili

Hakuna jibu. Karani ameanza kunisalimia kwa kukohoa.

Jumapili, 6 Aprili

Leo shemeji amenisimulia siku ile, bila kuulizwa. Alikuwa anapaka gundi kwenye kiraka, macho kwenye tairi.

"Mwanzoni nilijua nilichokiona. Ngazi za chuma zilikuwa zimelowa, nilizishika, ziliniacha kutu mkononi. Lakini waliniuliza mara nyingi, shemeji. Una hakika? Una hakika? Mashine inasema hapana, wewe nani? Siku ya tatu nikaanza kuiona ile picha: mimi kwenye kiti, kichwa kimeanguka. Sasa naiona vizuri kuliko ngazi. Najiona nimelala. Mtu anaweza kujiona amelala?"

Niliiuma midomo. Dada alikuwa mlangoni, akatikisa kichwa kunikataza. Akaingia ndani haraka.

Alhamisi, 10 Aprili



Kabla ya adhuhuri, kituo cha milimani kilipiga simu: mvua kubwa kuliko zote za msimu, na haionyeshi dalili ya kupungua. Ziwa tayari lilikuwa limejaa. Mlinda lango akafungua jedwali na kusoma kwa sauti: saa ya kwanza, sifuri. Saa ya pili, sifuri. Subiri.

Nikaingia kwa Mkuu bila kubisha. Nikamwambia: fungua lango moja sasa, kidogo, na piga king'ora. Tukisubiri saa ya tatu tutafungua yote kwa mkupuo, kama mwaka jana.

Alisimama. "Nikifungua, bustani zote za bondeni zinaondoka na maji. Watu wamepanda. Na kama maji hayaji?"

"Yanakuja."

"Unaniambia nivunje jedwali la tume kwa sababu ya mikia ya namba."

"Nakuambia ushuke ukaangalie kipimo."

Akavaa koti la mvua, akashuka zile ngazi, yeye na magoti yake mabovu, mimi nyuma yake. Kipimo kilikuwa kinapanda machoni mwetu. Mlinda lango akasema takataka. Mkuu akainama, akaingiza mkono mzima majini mpaka begani, akapapasa kuzunguka nguzo ya kipimo, akautoa. Mkono mtupu.

"Hakuna takataka," akasema. Uso wake ulibadilika. Sijui nieleze vipi. Kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa na marehemu. "Mwaka jana nilikaa kwenye tume ile. Niliketi pale pale mezani. Sikushuka kuangalia."

Akamgeukia mlinda lango. "Fungua la kwanza. King'ora, sasa hivi. Nitaandika kwa mkono wangu kwamba ni mimi."

King'ora kikalia. Lakini king'ora chetu hujaribiwa mara kwa mara, na watu wa bondeni wamekizoea kama kilio cha paka. Kutoka juu ya ukuta niliwaona kwenye kona ya mto: wachimba mchanga, wanawake wenye ndoo, watoto. Hakuna aliyeinua kichwa. Nikampigia dada asimtume mtu yeyote mtoni. Nikasikia upande wa pili kelele za kitu kuangushwa, dada akiita, "Wewe! Unakwenda wapi?" na kengele ya baiskeli.

Nilimwona dakika chache baadaye, shemeji, juu ya baiskeli ya mteja yenye tairi moja la kijani, anashuka njia ya mchanga miguu ikiwa juu, anapiga kelele. Sikusikia alichosema. Niliona wanamcheka kwanza. Niliona mtu akimwonyesha mwenzake: huyo, Bwana Usingizi. Akaitupa baiskeli, akaingia majini na nguo zake, akamkamata mchimba mchanga mmoja kwa shingo akamburuta hadi ukingoni. Akarudi. Akambeba mtoto. Hapo ndipo wanawake wakaanza kukimbia, na wote wakafuata.

Maji ya lango la kwanza yalifika konani wakiwa wanapanda. Sio ukuta wa maji, kwa sababu tulianza kidogo; yalikuja yakipanda, magotini, kiunoni, halafu kona haikuonekana tena. Koleo zao zimekwenda. Bustani zimekwenda zote, nyanya, mchicha, uzio, kila kitu. Ile baiskeli pia.

Watu wote wapo.

Saa ya tatu ilipoingia, lile fungu kubwa likashuka kutoka milimani, na ziwa likawa na nafasi ya kulipokea.

Ijumaa, 11 Aprili

Wenye bustani wamekuja getini. Mmoja amenitupia mche wa nyanya uliojaa matope kifuani. "Ndiye huyu wa kompyuta!" Mkuu akatoka akasimama mbele yangu, akasema aliyefungua ni yeye. Wakamtukana yeye. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma.

Nilimwita mwoga kwenye ukurasa fulani humu ndani. Sijaufuta. Alikuwa mwoga. Halafu hakuwa.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimevunja ahadi. Shemeji alikuwa anajiandaa kwenda kwa mjane, nikamwambia akae. Dada akakaa naye. Nikaeleza yote: namba kubwa, mikia, hasi, sifuri, yale maji ya saa ya pili.

Nilitegemea atalia. Alisikiliza akiwa anafunga kamba za viatu, akafunga, akafungua, akafunga tena.

"Basi zile ngazi zilikuwa zimelowa kweli," akasema.

"Zilikuwa zimelowa."

"Mwaka mzima nimemwomba yule mama radhi kwa usingizi." Sauti ilianza kupanda, sijawahi kumsikia akipandisha sauti. "Mwaka mzima! Nimemtazama machoni nikamwambia nililala mume wako akafa! Nani atanirudishia maneno hayo?"

Dada akamgusa goti. Shemeji akausogeza mkono wa mkewe, taratibu tu, akausogeza. "Na wewe uliamini," akamwambia.

"Niliamini," dada akasema. "Nisamehe."

Shemeji akainuka. Akaenda kwa mjane kama kawaida. Hakumwambia. Aliporudi alisema hakujua aanze vipi. Amechota maji tu.

Alhamisi, 17 Aprili

Tume imeandika. "Kumebainika dosari ya kikokotozi." Shemeji anarejeshwa kazini. Neno usingizi halimo kwenye barua, wala neno samahani.

Jumatatu, 21 Aprili

Jedwali jipya limebandikwa. Kila namba imepatikana kwa njia mbili, na ikikuta hasi programu inasimama na kupiga kelele. Mlinda lango kijana ananung'unika kwamba inasimama mno. Vizuri.

Ijumaa, 25 Aprili

Shemeji amekubali kurudi kwenye malango, kwa sharti kwamba zamu iwe ya watu wawili. Mkuu amekubali kabla hajamaliza kusema. Nyumbani dada na mumewe wanaongea kwa adabu kubwa, kama wageni waliokutana kwenye basi. Dada ananiambia tutafika, polepole.

Jumapili, 27 Aprili

Tumekwenda kwa mjane, shemeji, dada na mimi. Anaendesha kazi ya udobi mwenyewe sasa. Chumba kizima kilikuwa mashuka ya nyumba za wageni na harufu ya sabuni. Hakuacha kupiga pasi tulipoingia. Shemeji alisimama katikati akamwambia kwa maneno machache. Hakulala. Hesabu ndiyo iliyokosea.

Pasi ikaenda, ikarudi.

"Kwa hiyo nimemkasirikia mtu asiye na kosa," akasema.

"Mama, sikujua na mimi."

"Sasa nimkasirikie nani? Kompyuta?" Akanitazama mimi, kwa kuwa ndimi niliyeonekana msomi. "Si kuna mtu aliyeiambia hiyo kompyuta?"

Nikasema yupo. Nikasema ni mwalimu wangu.

"Mleteni."

Jumatatu, 28 Aprili

Nimempigia. Nilidhani atatafuta sababu, na alianza kuitafuta: mgongo, barabara, mvua. Nikamwacha amalize. Kisha nikasema, "Anasubiri, Mwalimu." Akasema ataangalia.

Alhamisi, 1 Mei

Jua nusu siku.

Jumamosi, 3 Mei

Mwalimu amekuja. Alishuka basi akiwa na suti ile ya mahafali, suruali imelowa hadi magotini. Amezeeka, au nilikuwa simtazami. Njiani hakuzungumza isipokuwa kuuliza kama kuna mbwa.

Mjane alikuwa uani, anafikicha mashuka kwenye beseni. Shemeji alikuwa juu ya ngazi akifunga kamba za kuanikia. Aliteremka, akasimama pembeni. Mwalimu akasalimia. Akaanza kueleza habari za tarakimu, na nikaona anakimbilia kule anakokujua, kwenye ubao. Mjane akamnyanyulia mkono wenye povu.

"Mimi sikusoma hizo. Nijibu tu. Huyu binti anasema namba ilitoka mbaya ukaiona. Uliiona?"

"Niliiona."

"Ulijua ni nini?"

Mwalimu alitazama viatu vyake. Nilitamani aseme hapana. Mpaka dakika ile bado nilitamani.

"Nilijua kuna kitu," akasema. "Sikutaka kujua ni nini."

Shemeji alivuta pumzi. Mjane hakupandisha sauti. Alikamua shuka, akalikunja, akalikamua tena mpaka likaacha kudondosha.

"Ungetaka kujua, ingekuchukua muda gani?"

Mwalimu akaanza kuhesabu kwa vidole. Yeye ambaye darasani alikuwa na jibu kabla swali halijaisha.

"Alasiri moja," akasema.

"Alasiri moja," mjane akarudia, kwa sauti ya mtu anayejaribu uzito wa kitu mkononi. Hakumfukuza. Hakumkaribisha kukaa. Akachukua ncha moja ya shuka, akampa shemeji ncha nyingine, wakalinyoosha pamoja wakaenda kulianika, kwa kuwa jua lilikuwa limetoka na mashuka yalikuwa mengi. Mwalimu akabaki amesimama pale pale kwenye matope, na mimi kando yake.